Bahari ya kwetu hurudi nyuma mara mbili kwa siku

Kisa hiki ni cha darasani kwangu, kidato cha tatu, katika shule ya kutwa hapa Bagamoyo, Februari 2023. Nakiandika kirefu kwa sababu nilikosea pale pale ambapo walimu wengi wa jiografia tunakosea, na aliyenisahihisha ni binti wa mvuvi ambaye kwenye somo langu hakuwahi kuvuka alama 40.

Mada ya matetemeko ya ardhi kwenye mpango wangu wa kazi ilikuwa bado mbele. Lakini alfajiri ya Jumatatu tarehe 6 Februari Uturuki na Syria zilitikisika kwa tetemeko la ukubwa wa 7.8. Saa zao na zetu ni moja: ilikuwa saa 10:17 alfajiri, watu wamelala. Mpaka Jumanne, simu za wazazi zilikuwa zimejaa video za maghorofa yakishuka kama mikate iliyopangwa. Ikaja na sauti ya WhatsApp, ya mtu asiyejulikana, iliyosema tetemeko "linaelekea Afrika" na litafika usiku wa siku fulani. Siku hiyo nusu ya darasa walikuja wakisinzia. Wamekesha.

Hofu yao ilikuwa na mizizi. Usiku wa Jumatano, tarehe 12 Agosti 2020, saa mbili na dakika kumi na kitu, tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lilitokea chini ya bahari, kusini mashariki mwa Dar es Salaam. Matawi ya Bonde la Ufa hayaishii nchi kavu, mengine yamo baharini. Watoto hawa walikuwa darasa la saba wakati huo. Kila mmoja ana lake la kusimulia: vikombe vilivyogongana kabatini, bibi aliyetoka nje na kanga moja, taa iliyoning'inia ikicheza yenyewe. Hakuna aliyekufa, lakini walibaki na swali ambalo hakuna mtu mzima aliyelijibu.

Kwa hiyo nikaivuta mada mbele. Nia yangu ilikuwa njema. Utekelezaji wake ndio mkasa.

Nilichora jedwali ubaoni, safu nne: mwaka, mahali, ukubwa, vifo. Lisbon 1755. San Francisco 1906. Rukwa 1910, ukubwa wa 7.4, ili wajue na sisi tumo. Tokyo 1923, zaidi ya watu 100,000. Chile 1960, ukubwa wa 9.5, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa. Tangshan 1976, zaidi ya 240,000 kwa hesabu ya serikali ya China. Sumatra 2004. Haiti 2010. Japani 2011. Kagera 2016. Wakanakili. Ijumaa nikawapa jaribio, wakafaulu vizuri kuliko mada yoyote ya mwaka ule. Nilijiona mwalimu.

Kijana mmoja aliandika kwamba tetemeko la Chile liliua watu Japani. Nikapiga mkasi mwekundu na pembeni nikaandika "soma swali". Wiki mbili baadaye nilimrudishia alama yake mbele ya wenzake, maana alikuwa sahihi. Mawimbi ya Chile yalivuka bahari nzima ya Pasifiki na kufika Japani karibu siku moja baadaye, yakaua watu zaidi ya 100 ambao hawakuhisi mtikisiko wowote. Alisikia kwenye redio ya mjomba wake. Mimi, niliyesomea, nilikuwa nimeishia kwenye safu nne.

Kipindi kilichofuata kilikuwa cha tahadhari. Shuleni kwetu kuna kibao kinachokataza Kiswahili nje ya kipindi cha Kiswahili, kwa hiyo nilisoma kwa Kiingereza yale yaliyomo kwenye noti, kisha, kwa kuwaonea huruma, nikatafsiri moja ambalo niliona ni la lazima: ukiwa ufukweni ukaona bahari imerudi nyuma, kimbia, panda juu.

Dawati la nyuma, upande wa dirishani, mkono ukanyooka. Binti huyu huwa hanyooshi mkono.

"Mwalimu, naomba kuuliza kwa Kiswahili."

"Uliza."

"Bahari ya kwetu hurudi nyuma mara mbili kwa siku. Tukimbie mara zote mbili?"

Darasa likaangua kicheko. Mimi pia nilicheka. Kisha nikasema, "Hayo ni maji kupwa, hiki ni kitu kingine. Tuendelee." Akakaa. Hakuuliza tena kipindi kile wala kilichofuata, na ukisoma daftari lake la siku ile, chini ya neno tahadhari hakuna kitu. Aliacha kuandika.

Jumapili ya tarehe 19, mwezi ukikaribia kuandama, nilishuka soko la samaki kutafuta kitoweo. Anayeijua Bagamoyo anajua bamvua, maji ya mwezi mchanga na mpevu, ikoje. Saa nne asubuhi bahari ilikuwa haipo. Mashua zimelala ubavu kwenye tope, ngalawa zimekaa kwa matengo yake kama kuku aliyechoka, na kule mbali kabisa, mahali ambapo jioni maji yangekuwa yanapita kichwa, akina mama walikuwa wanatanda uduvi kwa vyandarua, watoto wakiwafuata na ndoo. Walionekana wadogo kama njiti za kiberiti. Nikasimama na mfuko wangu mtupu. Hawa wote, kwa mujibu wa somo langu, walipaswa kuwa wanakimbia. Na kesho tena, na keshokutwa. Nilikuwa nimewapa watoto wa pwani kanuni ambayo ama wataidharau kwa sababu inapingana na macho yao, ama wataifuata na kufa njaa.

Swali la yule binti halikuwa mzaha. Lilikuwa swali bora kuliko yote yaliyoulizwa muhula ule, nami nililicheka.

Nilirudi nyumbani na kusoma upya kuhusu tarehe 26 Desemba 2004, na hapo ndipo nilipogundua kwamba kosa langu lilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Siku ile gamba la dunia lilipasuka kwa urefu wa kama kilomita 1,300 kando ya Sumatra na visiwa vilivyo kaskazini yake, bamba la upande wa India likizama chini ya jirani yake wa mashariki. Kwenye mpasuko, upande mmoja wa sakafu ya bahari uliinuka na mwingine ukashuka. Upande wa mashariki, kuelekea Thailand, kilichotangulia ni bonde la wimbi: maji yakavutwa kwanza, watu wakashuka kuokota samaki, kisha ukaja ukuta. Upande wa magharibi, kuelekea Sri Lanka, India na huku kwetu, kilichotangulia kwa jumla ni kilele cha wimbi. Maji yalianza kwa kupanda. Kwa maneno mengine, ile kanuni ya "bahari ikirudi nyuma" niliyoibeba kutoka kwenye picha za Thailand haikuwa hata sahihi kwa upande wetu siku hiyo. Ni kweli inatokea, na ikitokea ni ishara kubwa, lakini anayeisubiri kama tiketi ya kukimbia anaweza kusubiri kitu kisichokuja.

Kipindi cha Jumanne nilifunga mlango, nikaugeuza ule uso wa kibao rohoni mwangu, tukazungumza Kiswahili. Kwanza niliomba radhi. Kisha nikamwomba binti arudie swali lake, na safari hii nikaliandika ubaoni kama lilivyo. Nikawaambia: nyinyi mnaijua hii bahari kuliko mimi niliyezaliwa Dodoma, nielezeni inavyorudi.

Dakika ishirini zilizofuata sikufundisha chochote. Walinifundisha. Kwamba maji hayatoki ghafla, huchukua kama saa sita kutoka kujaa hadi kukauka. Kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndiyo bamvua, maji hujaa sana na kukauka sana, na katikati yake ni maji mafu ambapo hayendi mbali. Kwamba siku za bamvua maji hukauka kwenye saa nne, na kila siku huchelewa kwa karibu saa moja, na ndiyo maana mvuvi hutazama tarehe za mwezi wa Kiislamu kabla hajatazama saa. Mmoja alisema baba yake akilala huku maji yanatoka, anajua aamke saa ngapi bila simu. Watoto ambao nilikuwa nawapa 35 na 28.

Nikawauliza: sasa wimbi la tetemeko linalovuta maji huyavuta kwa muda gani? Nikawaambia: kwa dakika. Wakati mwingine kumi, wakati mwingine chini ya hapo, na lina tabia ya kurudia. Kimya. Kisha yule kijana wa Chile akasema, bila kunyoosha mkono: "Kwa hiyo cha kuangalia si maji kurudi. Ni maji kurudi si saa yake."

Sentensi hiyo ilikaa ubaoni wiki nzima. Nilimwomba zamu asiifute. Ni bora kuliko iliyomo kwenye noti zangu, kwa kuwa inashika pande zote mbili: maji kutoka si saa yake, na maji kuingia si saa yake.

Hapo tukalichukua jedwali langu tukalivunja. Nilifuta safu ya vifo. Vijana wakishakariri 240,000 na 105,000, namba hizo huwa kama za mpira, nani kafungwa mengi. Mahali pake nikaandika maswali mawili: walikuwa na muda gani? Waliutumiaje? Na hili ndilo ninalotaka kulisema kwa mwalimu mwenzangu anayesoma hapa, maana mada nzima ilibadilika sura.

Tukaanza na sisi wenyewe. Tetemeko la Sumatra lilitokea saa 9:58 usiku kwa saa zetu. Kutoka pale mpaka Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 6,000. Kwenye kina kirefu wimbi hukimbia kama ndege, kilomita 700 au 800 kwa saa. Wakagawa. Wengine walipata saa nane, wengine tisa, na wote wawili wako mahali pake: wimbi lilifika pwani ya Afrika Mashariki mchana wa Jumapili ile. Muda ulikuwepo wa kutosha kupika pilau, kula na kuosha vyombo. Kenya wakapata habari na kuwatoa watu ufukweni. Somalia, ambako hakukuwa na wa kuwaambia, walikufa karibu 300. Kwetu Tanzania walikufa watu wasiopungua 10, wengi wao wakiwa wanaogelea. Wakati huo Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wa tahadhari kama wa Pasifiki. Leo upo, na kwetu taarifa hupitia Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Binti wa dirishani akauliza tarehe 26 Desemba 2004 mwezi ulikuwa wa ngapi. Nilikuwa sijawahi kufikiria. Tukatafuta kwa simu yangu: mwezi ulikuwa mpevu siku hiyo hiyo. Akahesabu kwa vidole. "Basi ilikuwa bamvua. Maji yalikauka saa nne. Saa sita, saa saba, yalikuwa bado chini, ndiyo kwanza yanaanza kujaa." Akanyamaza kidogo. "Lingekuja saa kumi jioni je?"

Sikumjibu. Darasa lilimjibu, kila mtu akitaja nyumba iliyo karibu zaidi na maji.

Niseme na hili, kwa kuwa lilinikuta kwenye kipindi hicho hicho. Kijana mmoja aliuliza kama tetemeko ni adhabu. Watoto hawa wengi wamepita madrasa, na Surat Zilzala wanaijua kwa moyo tangu wakiwa na umri wa miaka sita; neno zilzala kwao ni kubwa kuliko tetemeko. Sikujaribu kushindana na ustadhi wao. Nilisema tu kwamba mimi nimeajiriwa kueleza ardhi inasogeaje, na kwamba Lisbon mwaka 1755 ilitikisika asubuhi ya sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, na walioulizana swali hilo hilo ndio baadaye waliojenga mji upya kwa nyumba zenye fremu za mbao ndani ya kuta ili zisianguke. Akaridhika, au alinistahi. Na kuhusu ile sauti ya WhatsApp: mpaka leo hakuna anayeweza kutaja siku na saa ya tetemeko litakalokuja. Anayetaja, muulize anauza nini.

Ikabaki hali ya muda sifuri. Kagera, Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu alasiri, ukubwa wa 5.9. Watu 17 walikufa, mamia wakajeruhiwa, na majengo ya shule kama Ihungo yakaharibika vibaya. Ingekuwa siku ya masomo, sijui tungezungumza lugha gani. Pale hakuna aliyepewa saa nane wala dakika nane. Muda pekee waliokuwa nao ni miaka ya nyuma, siku nyumba ilipojengwa.

Ili waelewe hilo nilileta debe tupu, kijiko cha chakula na mchele kilo moja wa kuazima. Ukubwa wa tetemeko unawadanganya watoto, na watu wazima pia, kwa sababu 7 na 9 zinaonekana kama majirani. Kila hatua moja ni nishati mara 32 hivi. Hatua mbili ni mara 1,000. Nikachota kijiko kimoja: hii ni 7. Nikainua debe: hili likijaa, ni 9. Debe halikujaa, mchele haukutosha, lakini walielewa, na mchele niliurudisha pungufu kidogo, jambo ambalo mwenye duka alilitaja.

Kisha nikaweka mwaka 2010 mezani. Januari, Haiti, ukubwa wa 7.0. Februari mwaka huo huo, Chile, ukubwa wa 8.8, nishati mara 500 hivi ya ile ya Haiti. Nikawauliza wapi walikufa wengi zaidi. Wote: Chile. Chile walikufa kama 500. Haiti makadirio mengi yanazidi 100,000. Ni kweli tetemeko la Haiti lilikuwa karibu na mji mkuu wenye msongamano, nisiwadanganye, lakini Chile walikuwa wamejifunza kwa 1960 na kabla yake, wakawa na sheria za ujenzi zinazofuatwa. Kijana ambaye kaka yake ni fundi uashi akasimama akaeleza, kwa furaha isiyofaa, jinsi mfuko mmoja wa saruji unavyofyatuliwa matofali mengi kupita kiasi, jinsi mchanga wa bahari unavyokula nondo kwa chumvi yake, na jinsi watu wanavyoruka lenta kwa kubana pesa. Hicho nacho ni kipindi ambacho sikukifundisha mimi.

Kuna mahali nilitaka kupita haraka nikashindwa. Japani, tarehe 11 Machi 2011. Kwenye mji wa Kamaishi, wanafunzi wa sekondari ya chini hawakusubiri amri. Walikimbia, wakiwashika mikono wadogo zao wa shule ya msingi ya jirani, wakafika mahali walipozoea kukutana, wakaona hapatoshi, wakapanda tena. Mtaalamu mmoja, Toshitaka Katada, alikuwa amewafundisha kwa miaka: usiiamini sana ramani, na ukiondoka wewe wengine watakufuata. Karibu wanafunzi 3,000 wa mji ule walipona. Kwenye shule ya msingi ya Okawa, mkoa mwingine, watoto walipangwa uwanjani baada ya mtikisiko. Walikuwa na kama dakika 50. Nyuma ya shule kulikuwa na kilima. Walimu walijadiliana. Walikufa watoto 74 na walimu 10.

Niliposoma hili kwa sauti nilisita. Mimi ndiye yule mwalimu wa uwanjani. Tumewazoesha watoto mstari, kimya, subiri kengele, subiri mwalimu wa zamu, na mtoto anayeondoka mstarini bila ruhusa tunamwita mtoro. Nilipeleka kwa mkuu wa shule wazo la zoezi la kukimbia kutoka ufukweni. Aliniuliza kibali kiko wapi, nani atalipia maji ya kunywa, na mtoto akianguka atasema nini kwa mzazi. Maswali ya haki yote matatu. Mwishowe alikubali tufanye Jumamosi, kwa wenye barua ya mzazi, na akaja mwenyewe amevaa raba, akisema ni kwa ajili ya kusimamia tu.

Kutoka soko la samaki kupanda mpaka juu kwenye barabara ya mji mkongwe, vijana walitumia chini ya dakika tano. Walishangilia. Binti wa dirishani hakushangilia. Alisema tuanzie kule mama yake anakotanda. Ilikuwa maji kupwa, tukaenda kule kweli, tope likifika kwenye vifundo, kisha tukageuka na kuhesabu. Kutembea tu mpaka mchangani kulikula zaidi ya robo saa, na kukimbia kwenye tope ni hadithi. Mahali fulani tulisimama tukakanyaga-kanyaga mchanga wenye maji mpaka ukalegea kama uji na miguu ikazama. Wote wameucheza mchezo huo tangu utotoni. Nikawaambia ardhi yenye maji ikitikiswa hufanya hivyo hivyo, na nyumba iliyo juu yake huzama upande mmoja. Mkuu wa shule akatoa raba zake kwenye uji ule kwa shida.

Kwa hiyo kanuni yetu ikawa na sehemu mbili, na waliziandika wao. Ukiuhisi mtikisiko mkali wa muda mrefu ukiwa pwani, huo ndio ujumbe, usisubiri bahari ifanye lolote wala simu ilie. Tetemeko likiwa mbali usilolihisi, sikiliza redio, na maji yakienda si saa yake, ondoka. Nikawasimulia kisiwa cha Simeulue, karibu kabisa na kitovu cha lile la 2004. Mwaka 1907 wimbi liliwaua wengi, na walionusurika wakalipa jina, smong, wakaliweka kwenye masimulizi na nyimbo za kubembelezea watoto. Miaka karibu mia baadaye, kati ya watu kama 78,000 walikufa 7. Bila king'ora.

Huu ni mji wa ngoma, Chuo cha Sanaa kiko hapa hapa, na kila mtoto ana binamu anayepiga. Wiki iliyofuata waliniletea beti kadhaa. Nyingi zilikuwa mbaya. Huu mmoja niliuweka:

Nchi ikitikisika, uhesabu ishirini,
Dema na jarife weka, usiulize kwa nini,
Mwinukoni ukafika, ndipo utazame chini,
Usishuke kwa haraka, wimbi huja na wenzake.

Mstari wa mwisho ni wa binti wa dirishani. Wimbi la kwanza mara nyingi si kubwa kuliko yote, na wengi hufa kwa kurudi kuchukua vitu.

Mtihani wa muhula ulipokuja, swali la matetemeko lilitaka wataje athari tano kwa Kiingereza. Alipata 2 kati ya 10. Nilisahihisha mwenyewe na sikuwa na pa kumwongezea.

Mwezi Aprili baba yake alikuja shuleni kwa habari ya michango. Alipomaliza kwa mhasibu akanifuata chini ya mwembe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wa mawimbi?"

Akanisimulia, bila mimi kuuliza, kwamba Jumapili ile ya 2004 alikuwa anapaka chombo chake sifa, yale mafuta ya samaki, na mchana maji yalijaa yakatoka, yakajaa yakatoka, mara kadhaa, kabla hata swala ya alasiri haijaingia. Wazee wakasema bahari imechanganyikiwa. Usiku ndipo waliposikia habari redioni. Hakuwahi kumsimulia mwanawe mpaka yeye alipomuuliza juu ya mwezi mpevu.

Kisha akataka kujua jambo moja. Mtu akiwa kwenye chombo, nje huko kwenye kina, akasikia habari hizo, arudi pwani au abaki?

Nikamwambia abaki, tena azidi kutoka nje. Kwenye kina kirefu wimbi hilo halipandi hata mita moja, linapita chini ya chombo na wala halitambuliki. Linainuka linapofika kwenye maji haba.

Akafikiri, akatikisa kichwa polepole.

"Basi sisi hatuna neno," akasema. "Ni nyinyi wa nchi kavu."

Akaniaga, akaenda zake, maji yalikuwa yanakaribia kujaa.